Bawabu wa Klasta Tatu

Bawabu hakupenda kuandikiwa. Kama ulitaka kuingia kwenye mitambo yake ulimpigia simu, ukamwambia kwa mdomo wako unaenda kufanya nini huko ndani, na ulimwambia kwa Kiswahili au kwa Kikamba. Kiingereza alikikataa kabisa.

"Kiingereza kinakusaidia kuficha kitu hujui," alituambia. "Nieleze vile ungemweleza mama yako. Ukishindwa, basi hata wewe hujaelewa. Rudi ukae chini."

Nilikaa chini mara nyingi. Mara ya kwanza nilikuwa na wiki moja kazini, nimetoka chuoni na maneno yangu yote mapya. Nikampigia nikamwambia nataka kuapdeti dipendensi. Akauliza kwa upole, "Mama yako ako wapi?"

"Tawa."

"Anafanya nini?"

"Analima. Anauza maembe."

"Mpigie simu umwambie hayo maneno. Akielewa, anipigie yeye."

Jina lake sitalitaja, na hata ofisini hakuna aliyelitumia. Tulimwita Bawabu, mwanzoni kisirisiri, mpaka siku moja akasikia. Tulidhani atakasirika. Badala yake alilipenda, akaanza kujibu simu nalo: "Bawabu hapa, sema." Sisi tuliokuwa na umri wa watoto wake tulimwita Mama tukiwa mbele yake, na Bawabu tukishaambiwa hapana.

Kampuni yetu ilikuwa ndogo, imepanga vyumba vitatu juu ya duka la dawa za mifugo mjini Kitui. Tulitengeneza programu za kuendesha vioski vya maji. Mtu anagusisha kidude cha plastiki kwenye bomba, bomba linamtambua, maji yanatoka, mtungi ukijaa linajifunga. Programu hizo ziliishi kwenye klasta tatu, yaani makundi ya kompyuta zinazosaidiana: kubwa moja pale ofisini, na ndogo mbili, moja Tulia na nyingine Tawa. Hizo ndogo zilikuwa kompyuta tatu tatu, kila moja ukubwa wa Biblia, zimefungiwa kwenye chumba cha pampu ili maji yasikatike hata mtandao ukipotea. Sisi madevelopa tuliandika programu. Bawabu ndiye aliyetunza klasta, na ndiye aliyeamua nani aingie, aingie chumba kipi, na atoke lini.

Kinachoongoza klasta hizo kinaitwa Kubernetes. Nimesoma maelezo yake kwenye vitabu vinene, lakini yaliyonikaa kichwani ni yale Bawabu aliyompa mwenyekiti wa kamati ya maji ya Tulia. Mzee huyo alitaka kujua kwa nini kompyuta ni tatu na kazi ni moja.

"Mzee, hapa mnachimba mitaro ya shamba na mwethya, sivyo?" Bawabu alimuuliza.

"Ndiyo. Kikundi chetu kina watu ishirini."

"Mmoja akishikwa na malaria, mtaro unasimama?"

"Utasimamaje? Wengine wanachimba sehemu yake."

"Na nani anasema huyu achimbe hapa, yule achimbe pale?"

"Kiongozi wa mwethya."

"Basi Kubernetes ndiyo huyo kiongozi. Haishiki jembe. Inaangalia nani ameanguka, inapeleka mwingine."

Mzee alilifikiria jambo hilo. "Na huyo kiongozi naye akianguka?"

Bawabu alicheka mpaka akashika ukuta. "Hilo swali," alisema akitugeukia sisi tuliobeba nyaya, "hakuna hata mmoja wenu amewahi kuniuliza."

Alikuwa na misemo yake. Ukimharakisha, alisema, "Haraka ni yako, klasta ni yetu." Ukimwambia unaingia kurekebisha kitu kidogo tu, alisema, "Kitu kidogo ndicho kinatoboa tangi." Na ukiomba ruhusa kubwa kuliko kazi yako, alikuuliza kama ukienda kwa jirani kuomba chumvi huwa unaomba pia hati ya shamba. Tuliyarudia maneno hayo wakati wa chakula, tukiigiza sauti yake na jinsi alivyovuta miwani hadi ncha ya pua. Siku moja alitukuta. Akavuta kiti, akatuonyesha tulipokosea.

Ungedhani mtu wa namna hiyo kwake kumefungwa kila mahali. Nilipoenda mara ya kwanza nyumbani kwake Matinyani nilitafuta lango nikalikosa. Hakuwa nalo. Kuku wa jirani waliingia sebuleni wakatoka kwa mlango wa nyuma kama watu wanaokata njia kwenda sokoni. Simu yake haikuwa na neno siri. Gari lake aliliacha na ufunguo ndani, na mara mbili lilichukuliwa na shemeji yake bila kuulizwa, naye akaja kazini kwa bodaboda akiwa hana neno. Nilimuuliza inakuwaje.

"Gari ni langu," alisema. "Likipotea, nimepoteza mimi. Maji si yangu."

Kanisani pia alikaa mlangoni. Alikuwa miongoni mwa wale wanaopokea watu, wenye utepe wa bluu begani, na kanuni yake ilikuwa kwamba maombi yakianza hakuna anayeingia. Hadithi iliyozunguka Matinyani yote ni kwamba Jumapili moja alimsimamisha mke wa mchungaji nje, yeye na keki ya mgeni wa siku hiyo, dakika kumi na tano juani. Nilipomuuliza kama ni kweli alisema ni uongo mtupu. Zilikuwa dakika ishirini.

Alituambia waziwazi kwamba haamini mtu. Alisema hivyo kama mtu anavyosema hali maharagwe, bila chuki. Ndiyo maana ile Jumamosi aliponiambia ananiamini, nilivimba kichwa.

Ilikuwa kiangazi, na Tulia ilikuwa siku ya soko. Nilikuwa peke yangu ofisini Kitui asubuhi, nikimalizia kazi ndogo ya kusafisha chumba cha majaribio. Hicho ni chumba ndani ya klasta tunamojaribia programu kabla ya kuzipeleka kwenye mabomba ya watu. Nilikuwa na haraka. Nyumbani Tawa dada yangu alikuwa anatarajia wageni, watu wa upande wa mchumba wake, na nilikuwa nimeapa kufika kabla hawajamaliza kula. Nilimpigia Bawabu. Alikuwa harusini, hapo mjini, na nilisikia vigelegele nyuma ya sauti yake.

"Mama, nataka kuingia. Nikueleze?"

"Leo sina wakati ya maelezo, bibi arusi amefika mlangoni," alisema. "Wewe nakuamini. Nimekufungulia kote. Ukimaliza niambie nifunge."

Kote. Miaka miwili nilikuwa nafunguliwa chumba kimoja kwa saa moja, na sasa nilikuwa na nyumba nzima, klasta zote tatu. Niliketi wima zaidi. Kwenye skrini nilikuwa na madirisha mawili: moja la majaribio, na moja la Tulia, ambalo nilikuwa nimelifungua kuangalia kitu nikalisahau. Amri ya kufuta chumba ni mstari mmoja tu. Niliandika, nikabonyeza, nikaanza kukusanya vitu vyangu.

Chumba cha majaribio kina programu tatu. Skrini iliorodhesha tatu zilizofutwa, kisha ya nne, kisha ya tano. Ilipofika ya saba nilikuwa nimesimama. Ziliishia kumi na moja, na zote zilikuwa za Tulia: nilikuwa nimeandika kwenye dirisha lile jingine.

Simu iliita kabla sijapata wazo. Ilikuwa mama anayeangalia kioski cha Tulia. "Maji imekataa. Nimeweka kidude, nimeweka tena, imekataa. Na watu wamejaa hapa, kuna punda, kuna kila kitu. Tufanye nini?"

Nilimwambia asubiri, nikampigia Bawabu. Hakushika. Nikapiga tena. Mara ya tatu alishika akinong'ona, na nyuma yake mchungaji alikuwa anahubiri juu ya uvumilivu katika ndoa.

"Umefanya nini?" aliuliza. Alijua kwa jinsi nilivyopumua.

"Nimefuta Tulia."

"Sema vizuri."

Nikasema kwa Kikamba, kama nilivyozoezwa: nimeibomoa nyumba ya Tulia nikidhani ni kibanda cha mazoezi, na sasa hakuna wa kuyaambia mabomba yafunguke.

"Nakala ya akiba iko?"

"Iko hapa ofisini. Lakini mtandao wa Tulia ni wa pole. Kuirudisha yote ni kama saa tatu."

"Anza. Na wale wa Tulia wafungue koki ya mkono, ile kubwa, maji yatoke bila kompyuta."

"Koki ina kufuli, Mama."

"Najua ina kufuli. Ufunguo..." Nyuma yake mchungaji akaendelea. "Ufunguo uko kwangu jikoni. Ni mimi nilikataa ukae na mtu mwingine."

Aliniambia baadaye kwamba alitoka kanisani maharusi wakivishana pete, na kwa kuwa huko pia yeye ndiye aliyekuwa mlangoni, hakukuwa na wa kumzuia.

Aliiacha simu wazi, garini kwenye kiti na akishuka mkononi, ili nimweleze kila hatua ninayoifanya. Kwa hiyo nilisikia yote. Nilisikia akiliwasha gari, nikamsikia Matinyani akipekua droo na kuwafukuza kuku. Wakati huo mama wa kioski alinipigia kwa simu ya ofisi. Muuguzi wa zahanati alikuwa amekuja na mitungi minne kwa sababu tangi lao lilikuwa limekauka, na kulikuwa na mama mmoja kule ndani ambaye uchungu umemshika. Nilimwambia Bawabu. Nilisikia injini ikinguruma zaidi.

Sijawahi kuitazama skrini kama nilivyoitazama siku hiyo. Asilimia ishirini. Ishirini na moja. Nilimfikiria yule mama nisiyemjua, na nikafikiria kwamba mimi niliketi kwenye kiti chenye mto nikabonyeza kidole kimoja. Nililia kidogo, nikajifuta na kile kitambaa cha kuwekea kipanya cha kompyuta maana hakukuwa na kitu kingine, nikaendelea.

Aliyewaokoa watu wa zahanati hakuwa mimi wala Bawabu. Pale sokoni kulikuwa na mwanamke mwenye hoteli ya chai na muthokoi wa mahindi, na alikuwa ameteka maji yake mapema asubuhi. Aliposikia habari ya muuguzi alizima jiko, akamwaga maji yote ya chai yake kwenye mitungi ya zahanati, akawaambia wateja wanywe soda au waende nyumbani. Mtoto alizaliwa kabla Bawabu hajafika. Msichana.

Bawabu alifika saa saba. Nilisikia mlango wa gari, kisha kelele za watu zikimsogelea, kisha sauti yake, si ile aliyozoea kujibia simu.

"Mama zangu, nimewakosea. Maji iko. Ni mimi nilifunga, halafu nikaenda na ufunguo."

Halafu sauti ya bibi mmoja, kavu kabisa: "Na wewe umevaa hivyo, ulikuwa unaenda wapi?"

"Nilikuwa harusini."

"Basi harusi imeisha. Shika mtungi."

Akashika mtungi. Mpaka saa nane na nusu, niliporudisha programu ya kumi na moja na bomba likafunguka lenyewe, Bawabu alikuwa akiwajazia watu maji kwa koki ya mkono, viatu vya harusi vimezama kwenye tope. Mimi nilifika Tawa wageni wameshaondoka. Dada yangu hakunisemesha hadi Jumatatu.

Jumatatu ndiyo siku mkurugenzi alituita. Alitaka kujua ni nani wa kufukuzwa, na alikuwa ameshaniangalia mimi mara mbili. Bawabu alivuta miwani.

"Aliyefuta ni huyu," alisema. "Aliyemfungulia milango yote bila kumuuliza kitu ni mimi. Aliyefungia koki na kukaa na ufunguo peke yake ni mimi. Hayo ni makosa matatu, na mawili ni yangu. Kama ni kufukuza, anza na mwenye mengi."

Mkurugenzi aliuliza kama kuna aliye na kahawa. Hakufukuzwa mtu.

Lakini kitu kilibadilika. Kwa mwaka mzima kulikuwa na toleo jipya la programu ya kusimamia klasta, nasi madevelopa tulikuwa tumemwomba aliweke tukachoka. Toleo hilo lilionyesha klasta zote tatu kwenye ukurasa mmoja, yaani hakuna kusahau dirisha. Developa angeomba ruhusa humo humo, aombe chumba kimoja tu, mtu mwingine akubali, na saa moja ikiisha ruhusa inakatika yenyewe. Na kila alichofanya ndani kinabaki kimeandikwa. Bawabu alikuwa amelikataa kwa dharau. "Mlango unaojifunga wenyewe," alisema, "na bawabu ni wa kazi gani?" Tulicheka wakati ule. Sikutambua kwamba lilikuwa swali la kweli.

Wiki moja baada ya Tulia aliliweka mwenyewe. Alifanya kazi siku nne, mlango wa ofisi yake wazi, akiuliza maswali hata kwetu sisi. Alipomaliza alituita tuone. Mahali pa kueleza sababu ya kuomba ruhusa alikuwa amepaandika upya kwa Kiswahili: *Unaenda kufanya nini? Mweleze mama yako.* Na ruhusa yake mwenyewe, ile ya kuingia popote saa yoyote, alikuwa ameifuta. Kuanzia siku hiyo hata yeye angeomba, na wa kumkubalia angekuwa mmoja wetu. Akatengeneza pia funguo tatu za koki ya Tulia. Moja alimpa mama wa kioski, moja muuguzi, na ya tatu yule mwenye hoteli.

Nisiseme kwamba aligeuka malaika. Miezi michache baadaye, zamu ya kukubali maombi ikiwa yangu, niliona ombi lake. Alitaka kuingia klasta ya Tawa. Mahali pa sababu alikuwa ameandika neno moja: *Kazi.*

Nilitembea chumbani mara tatu. Kisha nikabonyeza *Kataa*.

Simu iliita papo hapo. "Umenikataa?"

"Mama, umeandika 'Kazi'."

"Si ni kazi?"

"Kazi gani? Mama yangu hataelewa."

Alikata simu. Siku mbili hakunisalimu. Alipita karibu na meza yangu kama mtu anayepita karibu na ng'ombe wa jirani. Siku ya tatu ombi lilirudi, mistari kumi na miwili, kwa Kikamba. Alieleza kwamba anataka kubadilisha jinsi mabomba ya Tawa yanavyopokezana zamu wakati pampu ni dhaifu, lipi lisubiri, kwa muda gani, na kwa nini. Mstari wa saba ulisema kwamba alipokuwa anaandika ndipo alipogundua kuwa mpango wake wa kwanza ungekifunga kabisa kioski cha juu kilimani, kwa hiyo ameurekebisha. Nilimsomea mama yangu kwenye simu. Mama aliuliza kwa nini hawakufanya hivyo tangu zamani.

Nilikubali. Jioni hiyo nilikuta mfuko wa ndengu kwenye kiti changu, bila neno lolote.

Alistaafu mwaka uliofuata. Mimi nikapewa kazi yake, ingawa jina halikunifuata. Nadhani lilikuwa kubwa kwangu.

Nimekutana naye mara moja tu tangu hapo, mwaka huu, sokoni Tawa. Alikuwa amekuja kumtembelea rafiki, na kiatu kikamkatikia njiani. Nilimkuta kwa fundi viatu, ameketi kwenye kibao, mguu mmoja mtupu, anakula muwa. Amekonda kidogo. Nilimsalimu, akanisogezea nafasi, nikaketi.

Tulizungumza habari za kazi. Nilimwambia klasta sasa ni saba, na kwamba developa anaweza kuomba, kuingia na kutoka bila mimi kujua mpaka nisome orodha. Nilimwambia tunamkumbuka sana, kwamba sisi hatuna ule uhakika aliokuwa nao. Yeye alikuwa anajua kila wakati afunge nini.

"Mimi?" Alitema kipande cha muwa. "Mimi nilikuwa naogopa."

Nilidhani anatania.

"Kila siku, mwanangu. Hiyo kazi sikuisomea, nilijifunza hapo hapo kwa kiti. Kila mara simu ikilia nilifikiria, leo ndiyo leo, wataona sijui. Ndiyo maana nilikuwa nawauliza mnieleze polepole. Nusu ya mara hizo nilikuwa nataka nami nielewe."

Fundi aligonga msumari wa mwisho. Miaka yote ile nilikuwa nimejiona mimi ndiye niliyekuwa nikitetemeka upande wangu wa simu.

"Na ulipoweka lile toleo jipya?" niliuliza.

"Siku hiyo nililala vizuri. Niliona sasa tunaogopa pamoja, tukiwa wengi." Aliniangalia. "Wewe je? Unaogopa?"

"Kidogo."

"Kidogo inatosha," alisema, akanipa muwa nimshikie, akainama kuvaa kiatu.